Mashoto wa Karakana ya Haji Thami

"Shika kalamu hiyo, andika jina lako," Kamishna Tazi alisema.

Munir alizitazama pingu zake, akaitazama kalamu, kisha akaishika kwa mkono wa kushoto. Ndivyo alivyoshika kalamu na brashi tangu alipopata akili, na mkono huohuo ndio uliochora maua na nyota kwenye dari za majumba ya wakubwa pale Fes. Aliandika jina lake taratibu, herufi zimenyooka, akarudisha karatasi.

"Haya, Ghita. Ushahidi mwingine unautaka wa nini?"

Inspekta Ghita Sefrioui alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani. Kesi ilikuwa yake tangu juzi, Haji Thami Laraki, mwenye karakana kubwa ya mbao, alipokutwa amekufa kwenye maranda, patasi imemzama shingoni upande wa kulia. Leo ilikuwa siku ya tatu ya msiba, na kesi ilikuwa inamponyoka hivihivi akiona.

"Mimi nilimkuta ameshaanguka," Munir alisema. "Nilikuwa juu napaka mlango rangi. Wenzangu wote walikuwa wamekwenda kuswali. Nikasikia kishindo, nikadhani ni mbao, baadaye nikashuka, nikamwinua. Ndiyo maana shati langu lina damu. Niseme mara ngapi jamani?"

"Kwa nini wewe hukwenda kuswali?"

"Rangi tunaikoroga na kiini cha yai, bwana. Ukiiacha inakauka, kazi ya siku nzima inakwenda na maji."

"Na asubuhi yake mligombana."

"Tuligombana, ndiyo. Alisema bluu yangu ni ya harusi ya washamba. Lakini Haji alikuwa akigombana na kila mtu, hata paka wake alikuwa hamwachi!"

Askari wa mlangoni aliangua kicheko, akakimeza haraka Kamishna alipomtupia jicho. Munir alirudishwa mahabusu. Mlango ulipofungwa, Kamishna alivuta kiti karibu na meza, na Ghita akajua hotuba inakuja.

"Sikiliza. Ubongo una nusu mbili. Ya kushoto ni ya hesabu, mantiki, watu waliotulia kama mimi. Ya kulia ni ya rangi, ndoto na hasira. Hawa wenye mashoto wanatawaliwa na hiyo ya kulia, wenyewe hawajijui. Ndiyo maana wote ni wasanii, na ndiyo maana wote wakiguswa kidogo wanalipuka. Profesa wa redioni alilieleza vizuri sana wiki jana."

"Profesa wa nini, bwana Kamishna?"

"Wa... wa mambo hayo. Kwani mimi nilimuuliza cheti? Jeraha limetoka kushoto. Karakana nzima mwenye mashoto ni mmoja, nimewasainisha wote. Gari linakuja kumchukua baada ya swala ya alasiri. Kwa mwendesha mashtaka huko ni kifungo cha maisha, na mimi na wewe kazi yetu imekwisha."

Ghita alichukua koti lake, akaondoka bila kuaga.

Nje ya lango la kituo mwanamke mzee alimrukia, akaushika mkono wa koti. Alikuwa Lalla Batul, mama yake Munir. Alikuwa amelala palepale kibarazani, na macho yamemvimba kwa kulia.

"Binti yangu, ni makosa yangu mimi. Alipokuwa mdogo mwalimu aliniambia ule ni mkono wa shetani, nikaufunga kwa leso. Mchana naufunga, usiku naufunga, mtoto analia mpaka anazimia. Nikachoka, nikamwachia. Kumbe ningekaza! Ningekaza, leo asingekuwa mle ndani!"

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje? Mtaa mzima unasema. Wanasema tulijua tangu zamani."

Ghita alimshika bega, akapita. Alipofika kona ya wauza mnanaa alimpigia simu Daktari Serghini, aliyeupasua mwili wa Haji.

"Daktari, Kamishna ananiambia kuhusu nusu za ubongo."

Upande wa pili Serghini alicheka mpaka akakohoa. "Na yeye kasikiliza ile redio! Ghita, nimefungua vichwa nisivyoweza kuvihesabu. Kila kimoja kina nusu mbili, na katikati pana daraja nene la nyuzi linaloziunganisha. Zinashirikiana kwenye kila kitu, hata kwenye kupenda na kwenye kujumlisha. Hakuna binadamu anayeishi kwa nusu moja."

"Lakini mkono wa kushoto unaamrishwa na nusu ya kulia."

"Hilo kweli. Ukweli wao unaishia hapohapo, yanayofuata ni ya kunogesha gumzo. Na hao wenye mashoto, wengi wao maneno yao yanatoka nusu ya kushoto, kama yako na yangu. Ukiniwekea ubongo mezani siwezi kukwambia mwenyewe alikuwa mchoraji au karani wa posta."

"Basi jeraha. Wewe ndiye uliyeandika kuwa muuaji ana mashoto."

"Nani?" Sauti ya daktari ilibadilika. "Mimi? Rudi ukaisome. Nimeandika kwamba walikuwa wanaangaliana, na pigo limetoka mkono wa kushoto, likapanda kutoka chini. Mkono, Ghita. Habari za mtu sikuziandika, kwa sababu sizijui."

Ghita alisimama katikati ya njia. Punda aliyebeba ngozi alilazimika kumzunguka, na mwenye punda alimtolea maneno ambayo siku nyingine yangemfikisha kituoni.

"Kutoka chini," alirudia. "Munir ni mrefu kuliko Haji."

"Hilo la kutoka chini nililiandika. Hakuna aliyeniuliza."

*

Mjane wa Haji alikuwa amepika kuskusi ya siku ya tatu, na sinia moja lililetwa karakanani kwa ajili ya mafundi. Sajini Jawad, msaidizi wa Ghita, alikuwa ameshakaa nao kitako, mikono ameshanawa. Ghita alikaribishwa akakaa pembeni. Alikuja kutazama mikono.

Waliolizunguka sinia walikuwa seremala na wasaidizi wake, na mkereza mmoja, fundi wa kuzungusha mbao na kuzichonga. Mkereza aliitwa Fundi Bushta, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na sauti ya upole, ambaye alirithi kazi na pembe yake ya karakana kutoka kwa baba yake. Wote walisema bismillahi, na vidole vya kulia vikaingia kwenye sinia, vikaviringa matonge, vikapeleka mdomoni. Wote, isipokuwa mmoja.

Jawad alimgusa Ghita kwa kiwiko. Larbi seremala alikuwa anakula kwa kushoto.

Mafundi waliinamisha macho kwa aibu, kana kwamba mwenzao amevuliwa nguo.

"Mnisamehe jamani," Larbi alisema, akainua mkono wa kulia uliofungwa bendeji mpaka kwenye kifundo. "Msumeno. Tangu wiki ile."

"Kula, ndugu yangu, Mungu anaiona dharura yako," Fundi Bushta alimwambia. "Ila mwite mkeo aje akulishe, maana nusu ya kuskusi inakwenda kifuani."

Wakacheka, Larbi naye akacheka. Ghita hakucheka. Alikuwa anautazama mkono ule wa kushoto. Ulikuwa mjinga kabisa: tonge lilivunjika kabla halijafika, dengu zilimdondokea mapajani. Mkono kama ule usingeweza kumpata mtu shingoni kwa pigo moja. Na Larbi siku ile alikuwa safu ya mbele msikitini, imamu mwenyewe alithibitisha.

"Munir alikuwa anakula kwa mkono upi?" Ghita aliuliza.

Walimshangaa. "Wa kulia, inspekta! Kwani hana wazazi? Kuchora ndiyo anachora kwa kushoto, lakini kwenye sinia ana adabu zake."

Kumbe! Mtu ambaye mji mzima unamjua kwa mashoto yake, ukimkuta hapa usingemtofautisha na wenzake. Sinia linaonyesha malezi, mkono wenyewe linauficha. Na saini zile alizojivunia Kamishna zilikuwa nini? Ni malezi yaleyale, ya darasani. Ghita alihisi amekuwa akitafuta mahali ambapo kila mtu amefundishwa kujificha. Basi mkono autafute wapi?

Alinyanyuka. Kutoka kwenye mfuko wa koti alitoa patasi ndefu nyembamba, ndugu wa ile iliyoua. Ile yenyewe ilikuwa maabara, na mpini wake ulikuwa umefutwa safi, hauna hata alama moja ya kidole.

"Fundi Bushta, nisamehe kukukatisha chakula. Tunaambiwa hii ni ya kukerezea. Nataka kuandika inavyotumika, maana hakimu ataniuliza, na mimi sijui."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, baba, tafadhali. Gari la Munir linakuja alasiri."

Fundi alinawa mikono taratibu. Alikwenda kwenye pembe yake, akaketi chini kwenye mkeka mbele ya kerezo lake, akavua kiatu. Alikuwa amevaa aproni mpya, bado ina mikunjo ya dukani, katika karakana ambayo hata kalenda ya ukutani imechoka. Alifunga kipande cha mbao kwenye kerezo, akakizungushia uzi wa upinde, akaanza.

Upinde ulikwenda mbele na nyuma, mbao ikazunguka, maranda yakaruka. Ghita alichuchumaa. Mkono wa kulia wa fundi ulikuwa kwenye upinde, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Patasi ilishikwa na mkono wa kushoto, na kidole gumba cha mguu wa kulia kiliiegemeza. Ushanga wa kwanza ulitokea kwenye mbao, wa mviringo, laini, halafu wa pili. Ghita aliiweka sauti yake ileile.

"Mashaallah. Kumbe ufundi wote uko kwenye huu wa kulia."

Bushta aliguna. Hakuna fundi anayevumilia kuambiwa upuuzi juu ya kazi yake.

"Wapi! Wa kulia ni punda tu, kazi yake kusukuma. Ufundi uko hapa." Akauinua wa kushoto. "Huu ninaweza kuupa unywele ukaupasua kati..."

Mkono ulibaki juu, na patasi ndani yake. Upinde ulisimama. Kwenye sinia watu walikuwa bado wanazungumza, hawajasikia kitu.

"Aproni yako mpya, baba," Ghita alisema.

"Ya zamani ilichanika."

"Iko wapi?"

Aliishusha patasi chini kwa uangalifu. "Niliitia kwenye gunia la maranda. Maranda yetu yote yanakwenda kwa Ba Allal, kwenye tanuri la kuchemshia maji ya hamamu. Yalibebwa jioni ileile. Imeshakuwa majivu hiyo, inspekta." Alisema kwa upole, na macho yake hayakupepesa.

Ghita alimwangalia Jawad. Jawad alikwishaacha kula. Alihamia karibu na kerezo, akasimama kati ya fundi na mlango.

*

Ghita alikimbia. Njia za Fes hazikujengwa kwa ajili ya kukimbia. Alimpiga kikumbo mbeba mikate, akaruka ngazi, akatukanwa mara mbili. Alipofika nyuma ya hamamu alikuwa ameloa jasho. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, unawaka mwekundu. Ba Allal, mchochea moto, masizi mpaka kwenye nyusi, alikuwa ameinua gunia kulimwaga.

"Acha! Acha hapohapo, Ba Allal!"

Mzee nusura aliangushe gunia motoni kwa kushtuka. "Una nini wewe? Unataka kuniua?"

"Maranda ya Haji Thami. Umeyachoma?"

"Ya Haji?" Ba Allal aliweka gunia chini, akajifuta uso, akazidi kujipaka. "Ndiyo kwanza naanza. Haji alinipa maranda bure miaka yote, Mungu amrehemu, mdomo wake mchafu lakini mkono wake mweupe. Nikasema watu hawatakoga kwa moto wa marehemu kabla siku yake ya tatu haijatimia. Heshima yangu mwenyewe tu, hakuna aliyenituma. Leo imetimia. Moja limekwenda, haya mawili ndiyo yaliyobaki."

Ghita alipiga magoti, akalimwaga la kwanza sakafuni. Maranda matupu. Alitia mkono ndani mpaka begani, akachakura, hamna kitu. Kama ilikuwa kwenye lile moja lililokwenda, Munir naye amekwenda.

Alilishika la pili kwenye pembe zake, akaligeuza. Maranda yalimwagika, na pamoja nayo kikadondoka kitu kilichofungashwa, kizito kidogo.

Ilikuwa aproni ya ngozi, imekakamaa kwa damu iliyokauka, upande wote wa kushoto. Ndani yake palikuwa na kinguzo cha mbao cha dirisha, kilichokerezwa shanga nusu. Shanga zake za mwanzo zilikuwa safi na za mviringo. Ya mwisho ilikuwa imechanwa vibaya, patasi iliruka ikiwa bado kazini, na damu ilikuwa imeingia ndani ya mfuo uliokuwa ndiyo kwanza unakatwa.

"Hasbunallah," Ba Allal alinong'ona. "Na mimi nilikuwa nalalia gunia hilo."

*

Mafundi walikuwa wamesimama kwa kundi, sinia limeachwa. Bushta hakuwa ameondoka kwenye mkeka wake. Ghita aliweka kinguzo mbele yake, juu ya kerezo, mahali pake hasa.

"Hiki kilikuwa kinazunguka hapa Haji alipokufa," alisema. "Ulituambia ulikuwa umefunga kazi, umekwenda kuswali. Ulikwenda, lakini wenzako walikuona safu ya mwisho, umechelewa. Haji alikuja akainama hapa ulipo. Wewe umeketi. Pigo limetoka chini."

Fundi alikitazama kile kinguzo. Alikipitisha kidole kwenye shanga nzima, akakiepusha na ile iliyochanika.

"Aliinama kuninong'oneza," alisema. "Hakutaka kijana aliyekuwa juu asikie. Jumatatu inakuja mashine ya umeme, na itakaa hapa. Hapa, inspekta. Hapa alikaa baba yangu. Nikamwambia Haji, niache nife kwanza. Akaucheka upinde wangu, akaushika auvute." Aliugeuza mkono wa kushoto, akautazama kwenye kiganja. "Mimi si mtu wa mashoto. Ninakula kwa kulia, ninasalimia kwa kulia, ninaandika kwa kulia. Huu ni wa kazi tu. Patasi ilikuwa ndani yake tayari, na mimi sikuitoa."

Larbi alianza kulia, mkono wa bendeji mdomoni.

"Na kijana wa watu?" Ghita aliuliza, na hapa hasira ilimshinda, sauti ikapanda. "Umekula naye sinia moja miaka yote! Angeozea gerezani!"

"Mimi sikumtaja, wallahi. Watu wenyewe walianza. Mashoto, mashoto. Askari, majirani, wote." Bushta alivaa kiatu chake, polepole, kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa Jawad. "Mimi nilinyamaza tu."

*

Gari lilikuwa limeshafika kituoni, injini inanguruma, adhana ya alasiri inamalizika. Munir alikuwa mguu mmoja ndani. Ghita aliweka aproni na kinguzo juu ya meza ya Kamishna, akaeleza kwa maneno machache, pamoja na yale ya Daktari Serghini. Kamishna aliitazama mikono yake miwili kama vile ni ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo yule profesa..."

"Badilisha stesheni, bwana Kamishna."

Pingu zilifunguliwa palepale kwenye ngazi. Nje ya lango kundi la mtaa lilikuwa limekuja kumwona mwenye mashoto anavyopelekwa, na sasa lilimwona anatoka kwa miguu yake. Waliokuwa wanapiga kelele walitafuta pa kutazama.

Lalla Batul alipasua katikati yao. Munir alinyoosha mkono wa kulia kumsalimia, kama alivyofundishwa.

"Si huo," mama yake alisema. "Nipe ule mwingine."

Munir hakuelewa. Mama aliutafuta mwenyewe, mkono wa kushoto, bado una rangi ya bluu kwenye kucha. Aliushika kwa mikono yake miwili, pale kwenye kifundo alipokuwa akiifunga ile leso, akaubusu mbele ya mtaa mzima.